Miche iliyorefuka na kulegea ndani ya nyumba: kuinusuru kabla ya kuipandikiza

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Naishi Sakina, Arusha, kwenye nyumba ya kupanga. Mwishoni mwa Juni nilisia nyanya aina ya Tanya, hoho, kabichi na matango kwenye trei na makopo, nikaviweka sebuleni karibu na dirisha kwa sababu nje kuna baridi na kuku wa jirani hawabakishi kitu. Nilifunika kwa nailoni na mbegu zikaota haraka sana. Sasa ni wiki ya tatu. Miche ni mirefu, myembamba, imepauka, yote inainamia dirishani na mingine imelala kabisa. Jirani ananishauri niweke urea kidogo ipate nguvu. Mdogo wangu yuko Moshi, Pasua. Tuligawana pakiti moja ya nyanya, yake aliiweka barazani na ni mifupi, minene. Nimekosea wapi? Na hii niliyo nayo niing'oe au inaokoleka?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usiing'oe. Nyanya zinaokoleka karibu zote, hata zile zilizolala, ilimradi shina halijaoza pale linapotoka kwenye udongo. Hoho nyingi zitajirekebisha ukizitoa hapo zilipo. Kabichi zinataka uzishughulikie wiki hii hii. Matango nakwambia ukweli mapema: yaache, utasia mengine, na sababu nitaieleza huko mbele. Urea usiweke hata chembe.

Kinachoisumbua miche yako ni kukosa mwanga, na karibu kila unachokiona kinatokana na hilo. Mbegu ikiota chini ya udongo, gizani, hutumia akiba yake ndogo kurefusha shina haraka ili kichwa kifike juu kabla akiba haijaisha. Kikifika kwenye mwanga wa kutosha, mche huacha mbio hizo: hufungua majani, hunenepesha shina, huanza kujenga mizizi. Mwanga ukiwa hafifu, mche huendelea kujinyoosha kana kwamba bado uko ardhini. Seli za shina hurefuka bila kunenepa, kuta zake hubaki nyembamba, na chakula ambacho kingejenga mizizi na majani kinaishia kwenye urefu. Rangi ya kijani nayo hutengenezwa kwa msaada wa mwanga, ndiyo maana imepauka. Jirani yako ameona majani ya njano akafikiri ni njaa. Ni kosa linaloeleweka, kwa sababu shambani majani yakipauka mara nyingi huwa ni njaa kweli. Lakini ukiupa urea mche ulio kwenye mwanga hafifu, utarefuka zaidi na kulainika zaidi, na wiki ijayo utakuwa na kazi mara mbili.

Hiyo ya kuinamia dirishani ina historia yake. Mwaka 1880 Charles Darwin na mwanawe Francis walieleza jinsi walivyofunika ncha za miche michanga ya nyasi wakaona haipindi tena kufuata mwanga. Mwaka 1928 Mholanzi Frits Went akaonyesha kwamba kuna kichocheo kinachoshuka kutoka kwenye ncha kwenda chini, ambacho leo tunakiita oksini. Upande wa shina ulio kivulini hupata oksini nyingi kuliko ule unaotazama mwanga, basi seli za upande huo hurefuka zaidi na shina linapinda. Watu wengi hushauri kugeuza trei kila siku. Fanya hivyo kama huna la kufanya leo, shina litanyooka, lakini elewa kwamba kugeuza hakuongezi mwanga hata kidogo. Utapata mche dhaifu ulionyooka badala ya mche dhaifu uliopinda.

Najua utasema sebule yako ina mwanga, mnakaa mchana kutwa bila kuwasha taa. Macho yetu hujirekebisha, hayafai kupimia mwanga wa mimea. Jua la mchana likiwa wazi hapa Arusha hutoa mwanga wa luksi (kipimo cha mwanga) kama 100,000. Siku ya mawingu mazito unaweza kushuka hadi 10,000 au 20,000. Ukiingia ndani, hapo kando ya dirisha unakuta elfu chache tu, na hatua 2 au 3 kutoka dirishani unakuta mia chache. Kwa jicho lako sebule na uwanja vinakaribiana, lakini kwa mche wa nyanya tofauti ni kati ya kushiba na kufa njaa.

Halafu nyumba zetu za huku hazikujengwa ili jua liingie ndani. Arusha iko kama nyuzi 3 na nusu tu kusini mwa ikweta. Katikati ya Machi na tena mwanzoni mwa Oktoba, jua la saa 6 mchana linapita juu kabisa ya kichwa, na hata mwezi Juni, linapokuwa mbali zaidi upande wa kaskazini, bado saa 6 liko juu sana. Paa lenye upenu mpana linalizuia lote. Jua linaloingia dirishani ni la asubuhi kwa madirisha ya mashariki na la jioni kwa yale ya magharibi, nalo kwa saa chache. Ongeza nondo, wavu wa mbu uliojaa vumbi, pazia, mti wa parachichi wa mwenye nyumba, na hivi vioo vyeusi vya madirisha ya alumini ambavyo sasa viko kila mahali: unabaki na kivuli kizuri cha kukaa wageni.

Hapa inabidi uwe mwangalifu na maelezo ya mtandaoni. Mengi yameandikwa na watu wa Ulaya na Marekani, nao husema weka miche kwenye dirisha la kusini. Kwao ni sahihi. Kwako, mwezi huu wa Julai, jua liko upande wa kaskazini, kwa hiyo dirisha linalotazama Mlima Meru ndilo lenye nafuu, na la kusini halipati jua la moja kwa moja kabisa. Mdogo wako Moshi vilevile, upande wa kaskazini kwake ni ule wa Mlima Kilimanjaro. Desemba mambo yatageuka. Na kwa majira haya ya baridi Arusha ina tatizo lake la ziada: mawingu hukaa asubuhi nzima, siku nyingine hadi saa 7 au 8 mchana, kwa hiyo hata dirisha la mashariki ambalo kwa kawaida ndilo bora linakosa jua lake.

Kama unataka kujihakikishia bila kifaa chochote, siku yenye jua, saa 6 mchana, nyoosha kiganja sentimita 30 hivi juu ya trei. Ukiona kivuli chenye kingo zinazoonekana vizuri, vidole vinahesabika, mahali hapo panafaa kukuzia miche. Ukiona wingu la kivuli tu lisilo na umbo, hapafai, hata kama kwa jicho panang'aa. Rudia barazani, uone tofauti.

Sasa suala la mdogo wako. Mbegu ni ileile na haina kasoro. Tena Tanya ni nyanya fupi. Si nyanya ya kupanda juu kwenye kamba. Kwa hiyo urefu ulionao hautoki kwenye uzao. Wala si baridi ya Arusha iliyoirefusha, maana Moshi mjini iko chini kuliko Arusha kwa karibu mita 500, ina joto zaidi, na joto ndilo linalorefusha miche, hasa pale mwanga unapokuwa mdogo. Yeye ana joto zaidi na bado miche yake ni mifupi. Kilichowatofautisha ni baraza.

Nailoni uliyofunika imechangia pia. Kufunika hadi mbegu ziote ni vizuri, nyanya huota haraka kwenye nyuzi joto 20 hadi 30. Lakini siku ile unapoona mbegu za kwanza zimetokeza, siku hiyo hiyo funua. Mche ulioota unapenda ubaridi kidogo: nyuzi 18 hadi 22 mchana na 15 hivi usiku unamtosha mche wa nyanya. Chini ya nailoni kuna joto, unyevu na hewa iliyotulia, na mche unaweza kurefuka sentimita kadhaa kwa siku 2 au 3 kabla hujagundua. Ukichelewa kufunua, hilo ndilo shina utakalokuwa nalo, kwa sababu sehemu iliyokwisha kurefuka hairudi nyuma.

Na kwenye makopo, nahisi ulimwaga mbegu nyingi pamoja. Miche ikibanana, kila mmoja husoma kwenye mwanga kwamba ana majirani. Majani hufyonza sehemu nyekundu ya mwanga na kuacha ile nyekundu iliyokolea zaidi, tusiyoiona sisi, ipite au irudi, na mche unaopokea mwanga wa aina hiyo hujua yuko kivulini mwa wenzake, basi anarefuka kuwapita. Hata ukitoa nje kopo lililobanana, miche ya katikati itaendelea kushindana. Kwa hiyo punguza leo. Usiing'oe ile ya ziada, maana utavuta mizizi ya iliyobaki. Ikate kwa mkasi usawa wa udongo. Najua inauma kukata mche uliouotesha mwenyewe, lakini miche 12 yenye nafasi itakulisha kuliko 40 iliyobanana.

Sasa kazi yenyewe. Miche yako ikae nje mchana na ndani usiku. Ukishika hilo, mengine yote ni nyongeza. Umeogopa baridi, na ni kweli usiku wa Julai Arusha hushuka hadi nyuzi 12 au chini ya hapo, lakini usiku mche hauhitaji mwanga, kwa hiyo hakuna hasara kuuingiza ndani. Mchana, hata siku ya mawingu, nje kuna mwanga mara nyingi zaidi ya ule wa dirishani. Nyuzi 18 au 20 za mchana hazitaua nyanya. Zitapunguza kasi ya kukua, na kwa mche uliokwishakimbia hilo ndilo tunalolitaka.

Usitoe trei moja kwa moja kwenye jua. Majani yaliyokua ndani ni membamba na hayana kinga. Jua la mchana la ukanda wetu huu wa juu litayababua, utaona mabaka meupe kama karatasi, na mche uliokwisha dhoofu haustahimili kupoteza majani. Siku 2 au 3 za kwanza weka barazani, au chini ya upenu, mahali panapoona anga lakini jua haliligusi jani. Kisha lipe jua la asubuhi hadi saa 3, siku inayofuata hadi saa 4, uongeze hivyo hivyo, na jioni kuanzia saa 10. Baada ya siku 7 hadi 10 miche inaweza kukaa juani kutwa. Mawingu ya Julai yanakusaidia hapa: ukitoa asubuhi ya mawingu, miche inazoea yenyewe polepole. Tatizo ni pale yanapofunguka ghafla saa 8 mchana na wewe uko kazini. Kwa siku hizo funika kwa neti ya kivuli, au kipande cha chandarua kikuukuu, au khanga nyepesi iliyotandazwa juu ya vijiti. Wala usiache khanga hiyo wiki nzima, utakuwa umerudisha sebule nje.

Kuku wanazuilika. Tengeneza kichanja cha mabanzi au fito chenye kimo cha kiuno, trei zikae juu, na uzungushe wavu wa kuku pande zote pamoja na juu, maana kuku wa kienyeji huruka. Miguu ya kichanja ikisimama kwenye makopo yenye maji kidogo, mchwa na siafu hawapandi. Hakuna haja ya fundi, na mwenye nyumba hawezi kulalamika kwa kitu kinachohamishika. Ingekuwa nakuamulia, ningeanza na kichanja kabla ya kununua kitu kingine chochote.

Nyanya sasa. Shina la nyanya lina kipaji ambacho mimea michache ya bustanini inacho: sehemu yoyote ya shina inayokutana na udongo wenye unyevu hutoa mizizi mipya. Ukitazama vizuri utaona hata vijinundu vidogo kwenye shina la nyanya iliyokomaa, hiyo ni mizizi inayosubiri nafasi. Kwa hiyo urefu unaokukera unaweza kuugeuza kuwa mizizi. Andaa viriba (vifuko vya nailoni vya kukuzia miche), au pakiti za maziwa, au makopo ya mtindi, yenye kina cha sentimita 10 au zaidi, utoboe chini. Udongo: sehemu 3 za udongo mzuri wa juu, 2 za samadi iliyooza hadi haina harufu, 1 ya mchanga au pumba za mpunga. Kama mdogo wako anaweza kukutumia pumba kutoka kwenye mashine za mpunga za huko chini ya Moshi, zinafaa sana, hasa zikichomwa nusunusu hadi ziwe nyeusi, zinafanya udongo uwe mwepesi na maji yapite.

Mwagilia trei jioni, hamisha kesho yake jioni au siku ya mawingu. Chomoa mche kwa kijiti au mpini wa kijiko kutoka chini, ushike jani, usishike shina. Jani likichanika mche utatoa jingine. Shina likiminywa kati ya vidole viwili umeshaumaliza, na kwa miche laini kama yako inaminyika bila wewe kuhisi. Zika shina hadi karibu na yale majani mawili ya kwanza, majani ya mbegu, yabaki juu kidogo ya udongo. Kama mche ni mrefu kuliko kina cha kopo, ulaze shina kwa mshazari ndani, usilivunje kwa kulilazimisha kupinda. Bonyeza udongo taratibu, mwagilia kidogo, weka kivulini siku 2 au 3, kisha anza ule utaratibu wa jua niliokueleza. Tahadhari moja kwa wengine watakaosoma: miche ya nyanya iliyobebeshwa, ile ya kununua yenye kovu la kuunganishwa kwenye shina, isizikwe hivi, kwa sababu sehemu ya juu ikitoa mizizi yake mwenyewe faida ya shina la chini inapotea.

Hoho haina kipaji hicho kwa kiwango cha nyanya. Izike sentimita 1 au 2 tu zaidi ya ilivyokuwa, ipe kijiti cha kuegemea, na uivumilie. Hoho ni ya polepole kwa asili na kwenye baridi ni ya polepole zaidi, kwa hiyo usione nyanya zimechangamka wiki ijayo ukadhani hoho zimekufa.

Kabichi unaweza kuizika hadi chini ya majani ya mbegu, lakini kile kichwa kidogo cha katikati kinakotokea majani mapya kikiingia udongoni kitaoza na hutapata kabichi. Hii ndiyo miche inayoweza kukaa nje mapema kuliko yote, maana kabichi inaipenda hali ya hewa hii ya Julai kuliko sisi. Nilisema uishughulikie wiki hii kwa sababu kabichi iliyodumaa muda mrefu ndani ya trei mara nyingi hufunga vichwa vidogo, au haifungi kabisa.

Kuna jambo jingine unaloweza kufanya bila gharama, ambalo watu hawaliamini hadi walione. Mimea inayoguswa na kutikiswa hukua mifupi na minene zaidi. Mark Jaffe, mtafiti wa Marekani, ndiye aliyelipa jambo hili jina la kitaalamu mwaka 1973, na wakulima wa miche kwenye nyumba za kioo wamelitumia baada ya hapo. Ndani ya sebule hakuna upepo, shina halijawahi kubeba chochote, kwa nini lijiimarishe? Pitisha kiganja, au kipande cha kadibodi, juu ya vichwa vya miche ya nyanya na kabichi, mara 10 hadi 20 asubuhi na tena jioni, kwa wepesi kiasi cha kuinamisha tu. Fanya hivyo majani yakiwa makavu. Hoho ipapase kwa uangalifu zaidi kwa sababu majani yake hujeruhiwa upesi, na usipapase trei yenye dalili za ugonjwa, utausambaza. Kama kuna mtu nyumbani anavuta sigara au kutumia ugoro, anawe mikono kwa sabuni kabla ya kugusa nyanya na hoho. Tumbaku ni ya ukoo mmoja nazo na huweza kubeba virusi vinavyoshambulia zote. Miche ikishahamia nje, upepo utachukua kazi hii na unaweza kuiacha.

Maji yapunguze. Kwenye mwanga mdogo na baridi mche hunywa kidogo sana, na wengi huua miche kwa huruma ya kumwagilia kila asubuhi. Gusa udongo kwa kidole: juu pakikauka na kopo likiwa jepesi, mwagilia, asubuhi na si jioni. Miche laini iliyokaa kwenye unyevu ndiyo chakula cha kinyausi, ule ugonjwa wa fangasi unaobana shina usawa wa udongo hadi linakuwa jembamba, la kahawia, lenye majimaji, kisha mche unaanguka. Itazame miche yako iliyolala uone ni ipi. Ikiwa shina ni jeupe au kijani na gumu kiasi chini, mche umezidiwa na urefu, uzike utapona. Ikiwa limebanwa na kuoza, mtoe pamoja na udongo wake, usiuzike wala usitumie udongo huo tena.

Mbolea itangoja. Wiki moja hivi baada ya kuhamisha, ukiona jani jipya limetoka lenye rangi nzuri, mpe mbolea ya maji iliyozimuliwa hadi ifanane na chai ya rangi isiyokolea, iwe ya samadi au ya dukani kwa nusu ya kipimo kilichoandikwa. Samadi uliyochanganya kwenye kiriba inatosha kwa mengine. Usishtuke ukiona chini ya majani ya nyanya pamekuwa zambarau. Mara nyingi ni baridi inayozuia mizizi kufyonza fosforasi, na siku zikipata joto rangi inaondoka bila mbolea ya DAP.

Hujauliza kuhusu taa, lakini wapo watakaoniuliza, hasa wanaoishi ghorofani wasio na baraza. Taa inasaidia kama ni ya LED nyeupe ya kawaida, ya wati 15 hadi 20, ikining'inizwa sentimita 15 hadi 20 juu ya miche na kupandishwa kadiri inavyokua. Iwashwe saa 14 hadi 16 kwa siku, kisha izimwe, mimea nayo inahitaji giza. Taa 2 za wati 20 kwa saa 14 hula kama nusu uniti ya umeme kwa siku, na umeme ukikatika saa kadhaa hakuna kitakachoharibika. Taa za zambarau za bei kubwa sioni sababu ya kuzinunua kwa trei 2 za nyanya. Balbu za zamani za waya usitumie kabisa, zinatoa joto jingi na mwanga wenye wekundu mwingi, vyote viwili vinarefusha. Taa ya darini haihesabiki. Hata iwe kali namna gani, ikifika kwenye trei mita 2 chini imebaki kidogo sana. Ila kwako wewe mwenye uwanja, hata uwanja wa kugombania na kuku, sikushauri utumie pesa hapo.

Matango niliahidi kueleza. Tango, kama boga na tikiti, lina shina lenye maji linalovunjika upesi, mizizi yake haipendi kusumbuliwa, na mche wake uliorefuka ukiuzika una uwezekano mkubwa wa kuoza kuliko kutoa mizizi. Pia unakua haraka: mche wa tango huwa tayari kwa wiki 2 hadi 3, hivyo ukisia upya hupotezi muda mwingi. Lakini Julai Arusha si wakati wake. Tango linataka udongo wenye joto. Subiri Septemba, sia mbegu 2 katika kila kiriba, kiriba kikiwa nje tangu siku ya kwanza, ukate ile dhaifu. Au mpe mdogo wako mbegu hizo sasa, Pasua zitaota bila shida.

Utajuaje kama umefanikiwa? Usitazame shina la chini, hilo litabaki na wembamba wake muda mrefu. Tazama kile kinachoota juu baada ya kutoa nje: majani mapya yawe ya kijani kilichokolea, na nafasi kati ya jani na jani iwe fupi kuliko ile ya zamani. Ukiona hivyo ndani ya siku 10, mche umegeuka. Mwache kwenye kiriba hadi uwe na majani halisi, yale yanayofuata majani ya mbegu, 5 au 6, na siku 3 za mwisho mpe maji kwa uchache na ulale nje usiku kama hakuna baridi kali. Panda jioni. Nyanya ambayo bado ni ndefu ichimbie mfereji mfupi, laza shina ndani, kichwa pekee kitokeze. Kitanyooka chenyewe kwa siku 2. Zungushia shina kipande cha karatasi ngumu kilichozama sentimita 2 udongoni, maana sota, wale viwavi wa udongoni, hukata miche usiku na miche laini huipenda zaidi, na kila mche uwekee kijiti chake siku hiyo hiyo ya kupanda, kabla mizizi haijaenea ukaja kuikata.

Mbegu za Tanya zilizobaki zifunge vizuri kwenye chupa kavu, mbali na jua na jiko, zitaota hata mwakani. Ukisia tena katikati ya Septemba, miche itakuwa tayari kupandwa vuli inapoanza. Trei ziwe kwenye kichanja, na nailoni itoke asubuhi ile ya kwanza unapoona kijani.